Baridi Moja, Mavazi Mbalimbali

Wasomaji wenzangu, kwetu ni Gikundamvura, katika wilaya ya Rusizi, pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, karibu na mpaka wa Burundi. Jina hilo kwa Kinyarwanda lina maana ya kitu kipendacho mvua, na kweli mvua tunaijua. Baridi ndiyo tusiyoijua. Chini yetu uko uwanda wa Bugarama, penye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji. Uwanda huo hauzidi mita 1,000 juu ya bahari, nao ni katika sehemu zilizo chini kabisa na zenye joto kabisa katika Rwanda. Mimi nimekua nikivaa shati moja mwaka mzima. Kwa hiyo nilidhani kwamba mtu avaaye koti zito anajionyesha tu. Katika makala hii nataka kueleza jinsi nilivyofundishwa kwamba sivyo, na kwa nini watu wa nchi mbalimbali hujikinga na baridi kwa njia zisizofanana.

Siku moja nilikuwa narudi shuleni baada ya likizo. Mama alinipa sweta, nikaikataa kwa kuwa jua lilikuwa kali. Tulipofika Kamembe, mimi na mwenzangu tulimwona mzee mmoja katika kituo cha mabasi amevaa koti la sufu na kofia ya kufunika masikio, naye anatoka jasho. Tulicheka waziwazi, naye alituona.

Basi letu likaingia katika msitu wa Nyungwe. Karibu na Uwinka gurudumu moja lilipasuka, nasi abiria tukaambiwa tushuke ili basi linyanyuliwe kwa jeki. Ukungu ulikuwa umefunika miti, manyunyu yakaanza, upepo ukavuma. Nilisimama pale na shati langu la pamba hata likalowa lote. Kwanza nilitetemeka. Halafu vidole vikafa ganzi, nikashindwa kufunga kifungo. Mwishowe nilipotaka kumjibu mwenzangu, maneno hayakutoka sawasawa. Hapo niliingiwa na hofu.

Yule mzee akaja. Hakunipa koti mara moja. Aliniambia, "Vua kwanza shati hilo, mwanangu." Nilipolivua alinipangusa kwa kitambaa, ndipo akanivika koti lake na kofia yake, yeye akabaki na sweta mbili alizokuwa amezivaa chini yake. Nilipopata nguvu nilimwomba radhi kwa kicheko chetu. Akajibu, "Pale Kamembe hata mimi niliona joto. Lakini nyumbani kwangu ni Kitabi. Nilijua ninakokwenda."

Neno hilo nililifikiri sana. Nilipofika shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa sayansi, naye alinieleza mambo haya.

Jambo la kwanza ni kimo cha nchi. Kila tupandapo mita 1,000, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi. Uwinka ipo juu ya mita 2,400. Basi, mtu atokaye uwanda wa Bugarama mpaka pale amepanda karibu mita 1,500, na joto limepungua kwa nyuzi 9. Ikiwa Bugarama ni nyuzi 28, Uwinka yaweza kuwa nyuzi 19, na hapo hatujahesabu mvua, wala upepo, wala usiku. Safari ni ya saa chache tu, lakini ni kama kuhama nchi.

Jambo la pili ni kazi ya nguo. Wengi hudhani kwamba nguo nzito hutoa joto. Sivyo. Joto latoka mwilini mwetu, na mwili hujitahidi kukaa karibu na nyuzi 37. Nguo huishika hewa iliyotulia karibu na ngozi, na hewa hiyo hupitisha joto polepole. Ndiyo sababu sweta mbili nyembamba huweza kushinda moja nene, maana kati yake pana hewa. Lakini maji hupitisha joto upesi kuliko hewa, kama mara 25. Shati la pamba likilowa, maji huchukua mahali pa hewa, na shati hilo huwa adui badala ya kuwa rafiki. Sufu ni afadhali, kwa kuwa hata ikilowa hushika hewa kidogo. Hapo nikaelewa kwa nini mzee aliniamuru kuvua kwanza. Tena mwalimu alisema kwamba joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, maisha yamo hatarini. Jambo hilo laweza kumpata mtu hata mahali pasipo na barafu, akiwa amelowa na kupigwa na upepo.

Sasa tutazame jinsi watu mbalimbali walivyotumia elimu hiyo, hata kabla ya kuwa na vitabu vya sayansi. Babu zetu wa Rwanda walivaa ngozi za wanyama, na pia impuzu, yaani nguo iliyofanywa kwa gome la mti wa umuvumu. Waganda nao hutengeneza nguo ya gome la mutuba kwa kuligonga kwa nyundo za mti mpaka lilainike. Ufundi huo ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote. Wamasai walioko nyanda za juu za Ngorongoro, ambako asubuhi ni baridi na mchana ni jua, hujitanda shuka. Mtu hulikaza mwilini alfajiri na kulilegeza jua likipanda, wala hahitaji nguo nyingine. Hiyo ni akili kubwa.

Huko kusini mwa Afrika iko nchi ya Lesotho, ambayo hakuna sehemu yake iliyo chini ya mita 1,000. Theluji huanguka milimani mwao katika miezi ya Juni na Julai. Wasotho hujifunika mablanketi ya sufu yaliyofungwa kwa pini, nao huyavaa hata katika arusi na sherehe, kwa kuwa kwao blanketi ni heshima na wala si nguo ya kulalia tu. Mbali zaidi, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, Wainuiti walishona nguo za ngozi ya paa wa baridi, mbili kwa pamoja: ya ndani manyoya yake yaligusa mwili, ya nje manyoya yake yalitazama nje. Walizishona pana, ili hewa ikae ndani na jasho lisiwalowanishe. Ndiyo kanuni ile ile aliyoifuata mzee wa Kitabi kwa sweta zake mbili.

Jambo la tatu ni mazoea. Mjini Dar es Salaam, mwezi wa Julai, joto la usiku hushuka karibu na nyuzi 20, na utawaona watu wakitafuta sweta. Mgeni atokaye Ulaya, ambako amezoea barafu, hutembea siku hiyo hiyo na kaptura. Nani kati yao ana haki ya kumcheka mwenzake? Hakuna. Kila mwili umefundishwa na nchi yake.

Lakini wasomaji, si kila mtu avaaye nguo nyembamba amependa mwenyewe. Miaka mingi makoti mazito yalifika kwetu katika marobota ya nguo kuukuu kutoka nchi za baridi. Sisi tunaziita caguwa, neno lililotokana na "chagua", na katika nchi jirani huitwa mitumba. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo moja, ili viwanda vya nchini vya kushona vipate nguvu. Mwaka 2018 Marekani nayo ikasimamisha ruhusa ya nguo za Rwanda kuingia huko bila ushuru. Kutaka kujishonea ni jambo la heshima. Hata hivyo, koti ni zito, na ushuru wa kilo huliangukia koti kuliko shati. Mzazi wa uwandani mwenye watoto watano hufikiri mara mbili kabla ya kununua sweta ambayo nyumbani kwake haina kazi.

Nayasema haya kwa sababu shule yetu ya misheni imejengwa mlimani. Kila mwaka wanafunzi wapya huja kutoka uwandani, na asubuhi ya kwanza huja mstarini wamejitanda shuka la kitanda au kitenge cha mama. Wakubwa huwacheka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliochekwa, na mwaka uliofuata, naona haya kusema, nikawa mmoja wa wachekaji.

Basi nawaomba wenzangu wa darasa la mwisho mambo matatu. Kwanza, mwenye sweta ya ziada amwazime mdogo wake mpaka apate yake. Pili, tukimwona mtu amelowa na anatetemeka, tumvue nguo mbichi kabla ya kumfunika kavu. Tatu, tusimpime mtu kwa nguo yake kabla ya kujua atokako na aendako.

Mzee yule alishuka Kitabi. Nilimrudishia koti lake, lakini kofia alikataa kuipokea. Sasa ninayo, na muhula huu ameivaa mtoto wa mwaka wa kwanza atokaye Bugarama.