Meno Yaliyofungwa Nyaya

Siku hizi si ajabu kumwona mtoto wa shule akicheka, na meno yake yang'aa kwa chuma. Asiyejua hudhani ni pambo. Mwingine hudhani ni adhabu. Si hili wala si lile. Ni kazi ya daktari wa meno, naye mtoto mwenyewe ana sehemu yake katika kazi hiyo, tena sehemu iliyo kubwa kuliko ya daktari. Daktari hufunga nyaya kwa muda wa saa moja au mbili, kisha huagana naye. Mtoto hukaa nazo kinywani mwaka na nusu, pengine miaka miwili au zaidi, akila nazo, akisoma nazo, akilala nazo. Leo tutasoma habari za majuma yale ya kwanza, maana ndiyo yaliyo magumu, na ndipo wengi hukata tamaa.

Kwanza yafaa tujue kwa nini meno hufungwa. Wako watu wenye taya dogo na meno makubwa, basi meno husukumana kama abiria mlangoni pa basi. Wako walionyonya kidole hata baada ya kuanza shule, na meno ya juu yakatokeza mbele. Wengine waling'olewa meno ya utotoni mapema kwa kuwa yalioza. Meno ya jirani yakaliegemea pengo, na jino la ukubwani lilipokuja likakosa mahali pa kukaa.

Tena iko sababu moja ya huku kwetu. Katika miaka ya 1980 ilienea Tanzania imani ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga alipoharisha au kushikwa na homa, watu walitazama ufizi wake, wakaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, wakasema, "Ugonjwa ndio huu," wakauchimbua kwa chombo chenye ncha. Kumbe uvimbe ule ulikuwa jino changa, halina kosa lo lote, wala si lililoleta homa. Watoto wengine walipata vidonda vibaya, wengine wakafa. Na baadhi ya waliopona, chonge zao za ukubwani hazikuota, au ziliota kombo.

Walakini si kila jino lililo mbali na mwenziwe lataka nyaya. Mwanya umesifiwa tangu zamani, na mimi sioni haja ya mtu mwenye mwanya mzuri kwenda kuuziba. Nyaya ni za mtu ambaye meno yake hayakutani vema atafunapo, au yauma nyama ya shavu, au yametokeza mbele hata yaweza kuvunjika akianguka, au yamebanana hata mswaki haupiti.

Sasa mtauliza, "Jino limeshikwa na mfupa; lasogezwaje?" Jino halikukazwa katika mfupa kama msumari katika ubao. Limekaa katika tundu lake, nalo limezungukwa na nyuzi nyembamba sana zilizo hai, zinazolishikiza pande zote. Uzi wa chuma ukilisukuma jino polepole, mchana na usiku, mfupa wa upande lisukumwako huyeyuka kidogo kidogo, na upande liliko toka hujengeka mfupa mpya. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa mwezi. Ukilisukuma kwa nguvu zaidi haliendi upesi. Laweza kudhurika mizizi. Ndiyo maana kazi huchukua muda mrefu, na ndiyo maana meno huuma mwanzoni, kwa kuwa nyuzi zile zaminywa.

Jambo hili si la jana. Mfaransa mmoja, Pierre Fauchard, alitoa kitabu mwaka 1728, akaeleza jinsi ya kuyafunga meno kwa nyuzi juu ya bamba la fedha au la dhahabu lililopindwa kwa mfano wa kwato la farasi. Nchini kwetu mafunzo ya madaktari wa meno yalianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 1979. Lakini mabingwa wa kupanga meno wangali wachache, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Mtoto wa Handeni au wa Korogwe apelekwaye Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilometa 250 kwenda, na kurudi vivyo hivyo, kila daktari amwitapo. Kumbukeni safari hiyo, maana tutaitaja tena.

Vifaa ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vifungo vidogo vilivyogandishwa juu ya kila jino, na uzi wa chuma ukapita katika vyote. Hivi mtu havitoi mwenyewe. Namna ya pili ni kibamba cha plastiki ngumu kilichofinyangwa kwa mfano wa kaakaa la mtu, chenye vishikio vya waya. Hiki hutolewa na kurudishwa. Vifungo humsumbua mtu zaidi katika kula. Kibamba humsumbua zaidi katika kusema.

Tuseme yuko mvulana wa Handeni, umri wake miaka 13, aliyerudi nyumbani jana na vifungo juu na chini. Siku ya kwanza hakuona taabu nyingi. Siku ya pili alipoamka, hata ndizi mbivu ilimwuma. Hivi ndivyo ilivyo kwa watu wengi: maumivu huzidi siku ya pili, kisha hupungua, na baada ya juma moja huwa yamekwisha au yamebaki kidogo. Mashavu na midomo nayo huchubuka kwa kusuguana na chuma. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu yaliyotiwa chumvi, nusu kijiko cha chai katika bilauri moja; asukutue nayo mara tatu au nne kwa siku, asiyameze. Pale chuma kinapochoma, abandike nta aliyopewa na daktari. Baada ya majuma mawili hivi ngozi ya ndani huzoea.

Siku hizo za kwanza chakula chake kiwe uji, mseto, ugali mlaini kwa mlenda, kisamvu kilichotwangwa vema, maharage yaliyopondwa, papai, parachichi, samaki aliyetolewa miiba. Hakuna katika hivyo kitu cha kununua mbali. Makande ayangoje kwanza. Na siku atakapoyala, yawe yamechemshwa hata punje zimepasuka zenyewe.

Jioni ile bibi yake alikaa jikoni akichoma mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo, hindi lako hili. Nimekuchomea lililo changa."

"Bibi, nalitamani, lakini daktari amenikataza."

"Amekukataza kula, au amekukataza kuuma?"

Mvulana akafikiri. "Kuuma, bibi. Alisema nisiume kitu kigumu kwa meno ya mbele."

"Basi lete kisu."

Bibi akazikata punje zote kutoka gunzini, akazitwanga kidogo kinuni na chembe ya chumvi, akampa katika bakuli pamoja na kijiko. Yule bibi hakupata kusoma kitabu cho chote cha meno, lakini alifahamu jambo ambalo wazazi wengi hawalifahamu. Vyakula vingi havikukatazwa. Kilichokatazwa ni namna ya kuvila. Embe lisiumwe, likatwe vipande. Nyama isivutwe mfupani kwa meno, ichambuliwe kwa vidole. Muhogo uchemshwe, usitafunwe mbichi. Chungwa, ambalo Handeni tunalo jingi, limenywe na kugawanywa.

Viko lakini vichache visivyo na njia. Muwa ni wa kwanza. Mtu aumapo muwa hushika kwa meno ya mbele, akavuta ganda kwa nguvu zote, na kifungo hakiwezi kustahimili mvuto huo. Bisi, kokwa za ubuyu, karanga ngumu za kukaanga, barafu ya kutafuna, tofi na ubani wa kutafuna, vyote hivi aviache mpaka siku ya kufunguliwa nyaya. Kifungo kikibanduka, jino lile halisogei tena kama ipasavyo, nalo laweza kurudi lilikotoka. Mtu akaaye karibu na hospitali hutembea tu akagandishwa upya. Kwa mvulana wetu, kipande cha muwa cha dakika tano ni zile kilometa 250 za kwenda na 250 za kurudi, na nauli ya watu wawili, na siku za shule zilizopotea.

Baada ya kila mlo asafishe meno. Mswaki wa mti twausifu, na ni safi kwa mtu mwenye meno matupu, lakini nyuzi zake ni ngumu na hazifiki chini ya waya. Atumie mswaki wa duka wenye nywele laini, apige mswaki juu ya vifungo na chini yake. Ugali ukikwama hapo usiku kucha, jino huanza kuoza chini ya chuma kile kile kilichotiwa kulitengeneza.

Sasa tumwache wa Handeni na ugali wake, tuvuke Mto Pangani twende Korogwe. Huko tuseme yuko msichana wa darasa la sita aliyetiwa kibamba kaakaani. Saa ya kwanza kinywa chake kilijaa mate, maana kinywa hudhani kibamba ni chakula, nacho hutoa mate ya kukilainisha. Baada ya siku chache kinywa hutambua, na mate hupungua. Kusema ndiko kulikobaki.

Jaribuni sasa hivi, kila mmoja mahali pake. Tamkeni M, P na B: midomo ndiyo ifanyayo kazi. Tamkeni F na V: mdomo wa chini wagusa meno ya juu. Sasa tamkeni T, N, L, kisha S na Z, kisha SH na CH. Ulimi umekwenda wapi? Umepanda nyuma ya meno ya juu na kaakaani. Basi hapo ndipo kibamba kilipo. Ulimi wakuta ukuta umesogea mbele, nao hupiga pasipo mahali pake. Pumzi ya S, ambayo hupita katika upenyo mwembamba sana, hukosa njia, nayo hutoka kama TH. Ndipo mtu huwa na kithembe. Msichana wetu akihesabu, moja hata tano zapita kwa shida kidogo. Sita na saba ndizo zimwumbuazo. Thelathini na themanini hazimsumbui, maana sauti ya TH kwa asili hutamkwa ulimi ukiwa kati ya meno.

Jumamosi humsaidia mama yake kuuza machungwa stendi. Basi likisimama, muuzaji hukimbilia dirishani na kupaza sauti, kwa maana abiria hawangoji. Siku ya kwanza alipaza, "Machungwa mathafi! Thilingi mia mia!" Watu dirishani wakacheka, naye akafunika kinywa. Mama mmoja ndani ya basi akasema, "Mwanangu, nimekusikia vizuri. Nipe matano." Akampa.

Wengi wakichekwa hivi hufanya moja ya mambo mawili. Wengine hunyamaza, na ulimi usiotumiwa haujifunzi. Wengine hutoa kibamba, wakakitia mfukoni ili waseme vizuri. Hilo la pili ni baya zaidi. Kibamba cha mfukoni hakisogezi jino, na meno yakianza kurudi nyuma kibamba chenyewe hakiingii tena. Kikitolewa kwa kusafishwa, kioshwe kwa maji baridi, maana maji ya moto hukipinda. Kiwekwe katika kisanduku chake, si katika karatasi. Vilivyofungwa karatasini vingi vimetupwa pamoja na takataka.

Njia ya kufundisha ulimi ni moja tu, kusoma kwa sauti. Robo saa asubuhi, robo saa jioni, polepole, kibamba kikiwa mahali pake. Neno likikataa, alirudie mara kumi kabla ya kuendelea. Kuimba nako kwasaidia, kwa kuwa wimbo huurefusha mlio na kuupa ulimi nafasi ya kutafuta mahali pake. Watu wengi husema vizuri baada ya majuma machache, na wengine baada ya siku chache tu.

Wayunani wa kale walikuwa na msemaji mkuu, jina lake Demosthenes, aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo. Husimuliwa kwamba ulimi wake ulikuwa mzito, naye akajizoeza kuhutubu ametia vijiwe kinywani. Msimwige kwa vijiwe, msije mkavimeza. Walakini tuna mfano ulio karibu kuliko Uyunani. Jirani zetu Wamasai walikuwa na desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya taya la chini, nao walisema lugha yao na Kiswahili bila kizuizi.

Neno moja kwa darasa lililo na mwenye nyaya. Asiitwe "mdomo wa chuma." Wala asiachwe zamu yake ya kusoma ipitapo, kwa kumhurumia. Wapo walimu wafanyao hivyo kwa moyo mwema, nami sikubaliani nao, kwa kuwa humnyima mtoto kitu kile kile anachokihitaji. Asome, na darasa lingoje neno limalizike.

Zoezi. Someni sentensi hizi kwa sauti, kwanza polepole, kisha upesi. Mwenye nyaya na asiye nazo wasome pamoja.

Sasa ni saa sita na dakika sitini kasoro saba.

Mzee Zuberi aliuza mizinga sita ya asali sokoni Segera.

Shangazi ashona shuka safi la shemeji.

Nalitoka Handeni na lita tisa za maziwa, nikafika Korogwe na lita saba.

Chungwa chachu halichachi chunguni.