Somo: Usubi wa Ziwani, Mwezi na Samaki

Msomaji aliyepata kusimama alfajiri katika mwalo wa Mwigobero, mjini Musoma, aujua moshi unaosimama juu ya ziwa pasipo moto chini yake. Mgeni hudhani ni meli ipitayo mbali. Mwenyeji ajua ya kuwa ni usubi, tena upepo ukigeuka utaingia mjini na kujaa katika taa, katika nywele na katika kikombe cha chai. Katika somo hili twataka kueleza usubi huo hutoka wapi, na kwa nini yampasa mvuvi kuufuata kwa kalenda ya mwezi.

Usubi haushuki kutoka mbinguni, wala hauzaliwi majanini, bali ni mtoto wa ziwa lenyewe. Jike hutaga mayai majini, na katika yai hutoka funza mdogo. Yako makabila mawili makubwa. Funza wa kabila la kwanza ana mwili unaopenya nuru kama kioo. Mchana hujificha topeni, usiku hupanda kuwinda vijidudu vidogo kuliko yeye. Funza wa kabila la pili hukaa topeni, na wengi wao ni wekundu kama damu. Siku zao zikitimia hujifunga katika gamba, hupanda mpaka uso wa maji, hupasua gamba na kuruka. Usubi huu una sura ya mbu, lakini hauumi wala hauleti malaria. Maisha yake ya hewani ni mafupi sana, nayo ni ya kuoana na kutaga tu.

Mdudu anayepanda hana silaha wala mbio, na samaki wajua hivyo. Domodomo, kwa pua yake ndefu, huwachimbua funza matopeni. Furu na gogogo nao hula, na dagaa huwangoja karibu na uso wa maji.

Elimu hii haikuanza kwetu. Huko Uingereza wako wavuvi wanaovua samaki aitwaye trauti kwa mdudu wa bandia, aliyefungwa juu ya ndoana kwa uzi na manyoya ya ndege. Kabla ya kutupa mshipi mvuvi hutazama mto kwanza: leo ni mdudu gani anayetoka? Trauti akishughulika na mdudu mmoja aweza kukataa hata chambo kizuri. Samaki huyo aliletwa Kenya mwaka 1905, akatiwa katika mto Gura, milima ya Nyandarua. Ziwani kwetu hayumo, wala hatumhitaji. Lakini swali la mvuvi wake latufaa sana.

Jibu la swali hilo kwetu limo katika mwezi. Mwaka 1955 R. Hartland-Rowe alieleza habari za mdudu aitwaye Povilla, ambaye funza wake hutoboa miti iliyozama na mabua ya mafunjo. Huyo hutoka kwa wingi mara baada ya mwezi mpevu, hasa usiku wa pili. Huruka magharibi, wala haoni mapambazuko. Mwaka 1956 W. W. Macdonald alichapisha uchunguzi wake wa ziwa hili hili: usubi wa kabila la kioo hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, na siku hizi aghalabu taa za umeme wa jua. Katika mbalamwezi taa haina nguvu, kwa kuwa nuru imeenea kila mahali, na mitumbwi hupumzika. Jambo hilo lingekuwa hivyo hata kama usubi usingekuwapo. Lakini usubi nao huijia taa, huanguka majini, na dagaa huula. Basi asemaye usubi ndio uliowaleta dagaa amesema nusu, na asemaye ni taa peke yake amesema nusu ya pili.

Kwa sababu hiyo pia, mtu atiaye ziwani sumu ya kuulia wadudu wa pamba ili apate samaki kwa wepesi ameharibu mara mbili: amemuua samaki wa leo, na chakula cha samaki wa kesho. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataa samaki wa Ziwa Victoria kwa ajili ya habari za uvuvi wa namna hiyo, na waliovua kwa halali wakapata hasara pamoja na wenye hatia.

Walimu wa shule za pwani ya ziwa waweza kulifanya somo hili kwa macho. Tandikeni kitambaa cheupe nje, pawe na taa moja juu yake, kwa muda wa nusu saa baada ya jua kuchwa. Watoto wahesabu wadudu walioanguka, waandike hesabu, umri wa mwezi na upepo ulikotoka, na asubuhi waulize mwaloni ni samaki gani walioletwa. Fanyeni hivyo kwa miandamo mitatu. Taa iwe ile ile kila siku, na kitambaa kiwe mbali na taa za barabarani. La sivyo usubi mwingi utakwenda huko, na hesabu itapotoka.