Mpango wa afya na mbwa wa Turkana

Usikiapo "mpango wa miaka mitano wa afya", huenda ukawaza vitanda, madaktari na dawa. Hebu tuangalie Turkana magharibi, kwenye maeneo kama Nakalale na Kakuma, tuone ni nani hasa anayefaa kuitwa mpango unapoandikwa.

Huko kuna maradhi ya haidatidi, yaani uvimbe uliojaa maji ambao aghalabu huota kwenye ini au mapafu. Chanzo chake ni tegu mdogo aishiye katika utumbo wa mbwa. Mbwa humpata kwa kula ini na mapafu ya mbuzi au kondoo wagonjwa. Binadamu naye humeza mayai yatokayo na kinyesi cha mbwa. Mahali penye uhaba wa maji, ambapo mbwa hulala karibu na watoto, hilo ni rahisi mno.

Daktari aweza kuupasua uvimbe na kuutoa, lakini mbwa yungali nyumbani. Ndiyo sababu AMREF ilipoanzisha mradi wa kuudhibiti ugonjwa huo mwaka 1983 haikutegemea upasuaji pekee. Mbwa walipewa dawa ya prazikwanteli, wafugaji wakafundishwa, na watu wakapimwa kwa altrasaundi huko huko waliko.

Sasa fanya hesabu. Tegu hukomaa ndani ya mbwa kwa muda wa wiki sita hivi. Dawa ikisimama, kazi huanza upya. Uvimbe nao hukua polepole, pengine kwa miaka mingi kabla ya mgonjwa kuhisi lolote. Mfadhili atakaye matokeo kwa miaka miwili hataona kitu, na mpango uliofuata fedha zake utakufa pamoja nazo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo mipango mingi huharibika.

Tangu 2013 huduma za afya na za mifugo ziko chini ya serikali ya kaunti, mjini Lodwar. Daktari wa watu na daktari wa mifugo wana mwajiri mmoja. Waulize kama wana bajeti moja ya dawa ya mbwa. Tena wafugaji huvuka mpaka kwenda Uganda na Sudan Kusini pamoja na mbwa wao, hivyo maafisa wa upande wa pili nao ni washirika. Na mchinjaji wa Kakuma aitwe mkutanoni, aeleze maini yenye uvimbe hutupwa wapi.