Degedege na Sindano

Katika somo hili la afya nataka kueleza jambo liwatishalo sana wazazi wa kwetu Malolo, nalo ni degedege. Mtoto hupandwa na homa kali, kisha ghafula hukakamaa, macho humpinduka, na viungo humtetemeka. Wazee wengi hudhani huletwa na dege mbaya apitaye usiku.

Nilipokuwa darasa la sita, mdogo wangu wa miaka miwili alishikwa na homa. Wazazi walikuwa wakishinda shambani wakiamia ndege kwenye mpunga. Siku ya kwanza alipewa vidonge vya dukani. Usiku wa pili akapatwa na degedege. Bibi akasema, "Msimpeleke. Mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa." Basi akafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo mpaka kulipokucha, ndipo baba na mama walipompeleka zahanati kwa baiskeli.

Alipimwa damu, akaonekana ana malaria kali. Akachomwa sindano, kisha akapelekwa hospitali. Hakufa, lakini mpaka leo husema kwa shida, na mkono wake wa kulia hauna nguvu.

Baadaye nilimwuliza Bibi kwa nini aliiogopa sindano. Akanijibu, "Mjukuu wangu, nimewaona watoto watatu kwa macho yangu. Walichomwa, wakafa."

Bibi hakusema uongo. Lakini watoto wale walifikishwa wakiwa wamekwisha kuzidiwa. Vijidudu vya malaria, viletwavyo na mbu jike wa anofelesi, hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Malaria ikiwa kali, chembe hizo hunata katika mishipa midogo ya ubongo, na kila saa ipitayo ni hasara. Sindano ilikuwa ya mwisho kuonekana, basi ikabebeshwa lawama ya siku zote zilizotangulia.

Yatupasa kukumbuka haya:

1. Mtoto mwenye homa apimwe siku ile ile. Malaria ikiwa bado si kali huponywa kwa vidonge vya dawa ya mseto.

2. Akipatwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote kinywani, kisha mpeleke upesi, hata kama ni usiku.

3. Si kila degedege ni malaria. Homa ya uti wa mgongo pia huleta hali hiyo. Kwa hiyo kupima ni lazima.

Mwaka jana mtoto wa jirani alishikwa na degedege jioni. Watu wakamjia Bibi kumwomba kinyesi cha tembo. Akawaambia, "Moshi utasubiri. Tangulizeni mtoto zahanati." Mtoto yule sasa yu mzima, na kila asubuhi hupita kwetu akikimbia.