Somo: Kulirudisha Barabarani Gari Kuukuu la Chama

Si ajabu kukuta, nyuma ya ghala la chama cha msingi, stesheni wagoni kuukuu limekaa juu ya mawe, matairi yameisha upepo na kuku wametaga katika kiti cha nyuma. Katika daftari la mali za chama gari hilo bado limo, ijapokuwa thamani yake imekwisha kupunguzwa mwaka hata mwaka mpaka ikakaribia sifuri. Katika Mkutano Mkuu huzuka hoja zile zile: baadhi ya wanachama hutaka liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na wengine hutaka litengenezwe, kwa kuwa wanakumbuka siku lilipobeba wagonjwa, pembejeo na wakaguzi wa hesabu katika safari moja. Aghalabu mkutano huamua kwa moyo. Somo hili linahusu jinsi ya kuamua kwa hesabu, na endapo uamuzi ni kulitengeneza, kazi ianzie wapi na isiendeshwe vipi.

Gari litakalotumiwa kama mfano ni Peugeot 504, kwa sababu linajulikana sana katika nchi za Afrika ya Mashariki, na kwa sababu lililo kweli juu yake ni kweli pia juu ya stesheni wagoni nyingi kubwa za rika lake. Gari dogo la aina hii lilitolewa mwaka 1968, na stesheni wagoni ikafuata baadaye. Gari dogo lina urefu wa meta 4.49, lakini stesheni wagoni inafikia meta 4.80, na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni meta 2.90. Iliyotengenezwa kwa ajili ya familia ina safu tatu za viti. Huko Ufaransa utengenezaji wa magari ya abiria ya aina hii ulikoma mwaka 1983, ila yaliendelea kuunganishwa Kaduna, nchini Nigeria, kwa miaka mingi baada ya hapo. Sifa yake haikutokana na matangazo matupu. Mashindano ya Safari Rally yalishindwa na gari la aina ya 504 mwaka 1975 na tena mwaka 1978, kama ndugu yake mkubwa, 404, alivyoshinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Hata hivyo gari lililoshinda mashindano lilikuwa na mafundi wake nyuma yake, na vipuri vipya kila kituo. Gari la chama lina katibu na dereva mmoja.

Hesabu ndiyo ianze. Tarakimu zifuatazo ni za kufundishia tu. Kila chama kiweke bei za mahali pake. Iwapo matengenezo yote yatagharimu Sh. 6,000,000, na gari linatarajiwa kufanya kazi miaka 4 kwa kilometa 18,000 kila mwaka, jumla ni kilometa 72,000, na kila kilometa imebeba takriban Sh. 83 za matengenezo. Petroli, kwa gari linalokula lita 12 kwa kilometa 100 na bei ya Sh. 3,000 kwa lita, ni Sh. 360 kwa kilometa. Matairi, oili na matengenezo madogo yawe Sh. 120. Bima na ada nyingine, zikiwa Sh. 720,000 kwa mwaka, ni Sh. 40. Jumla ni Sh. 603. Ikiwa gari la kukodi ni Sh. 700 kwa kilometa, chama kinapata faida kwa kulitengeneza gari lake.

Lakini hesabu hiyo hiyo igeuzwe. Chama ambacho katibu wake husafiri kilometa 6,000 tu kwa mwaka kitabeba Sh. 250 za matengenezo na Sh. 120 za bima kwa kila kilometa, na jumla itapanda kufika Sh. 850. Chama hicho kikodi gari, na lile kuukuu kiliuze, hata kama wazee watasikitika. Na liko jambo la tatu ambalo wanakamati wengi hawalitazami: gari lile lile likiachwa na injini mbovu inayokula lita 15 badala ya 12, nyongeza peke yake ni Sh. 90 kwa kilometa, yaani zaidi ya gharama yote ya matengenezo. Anayepunguza kazi ya injini ili apate fedha za rangi na vitambaa vya viti huwa amekiongezea chama gharama asiyoiona kwenye hati ya malipo ya gereji.

Ukaguzi wa kwanza hauhitaji fundi bingwa. Unahitaji bisibisi, nyundo ndogo na mtu asiyeogopa kulala chini ya gari. Gari hili halina chesisi ya peke yake kama lori; bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hiyo kutu katika vizingiti vya chini ya milango, katika sakafu, na hasa mahali springi na shokapu zinaposhikia bodi, si suala la urembo. Bisibisi ikisukumwa na ikapenya, bati limekwisha. Kipande kimoja au viwili vinaweza kukatwa na kuchomelewa bati jipya la unene ule ule. Lakini ikiwa mashikio ya springi yameoza pande zote mbili, kazi isimame hapo hapo na gari liuzwe kwa vipuri. Katika vyama vya pwani, ambako hewa ya chumvi hula bati kutoka ndani, ukaguzi huu ufanywe kwa ukali zaidi, na rangi mpya ya muuzaji isimpumbaze mtu.

Bodi ikipita, fedha za kwanza ziende kwenye breki, usukani na matairi. Agizo hili hupingwa mara kwa mara, kwa sababu kila mtu hutaka kwanza kusikia injini ikiunguruma. Gari lisilowaka halimwui mtu. Gari linalowaka lakini lisilosimama, likiwa limebeba watu saba kwenye mteremko wa mlimani, ni msiba wa kijiji kizima. Stesheni wagoni ya 504 ina diski mbele na ngoma nyuma. Mipira ya breki iliyokaa miaka mingi huvimba ndani na kuziba hata ikiwa nje inaonekana nzima. Yote ibadilishwe bila mjadala, na isinunuliwe iliyotumika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo huchemka breki zinapopata joto kwenye mteremko mrefu, kanyagio likazama mpaka sakafuni. Yamwagwe yote, yawekwe mapya, na baada ya hapo yabadilishwe kila miaka 2.

Ama kuhusu matairi, kina cha meno peke yake hakitoshi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2219 maana yake ni juma la 22 la mwaka 2019. Tairi lililokaa juani miaka kumi ni zee, hata kama halijawahi kugusa lami.

Sasa injini. Injini ya petroli ya gari hili ni imara, lakini ina tabia zake, na fundi asiyezijua anaweza kuiharibu kwa nia njema. Kichwa chake ni cha alumini. Alumini hupinda injini ikichemka sana, na gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Dalili ni oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa, au mapovu katika rejeta injini ikiwa inazunguka. Kabla ya kununua gasketi mpya, kichwa kipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka. Kikiwa kimepinda na kufungwa hivyo hivyo, gasketi mpya itaungua kabla msimu wa mazao haujaisha.

Jambo la pili ni silivu, yaani zile bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Katika injini hii silivu zimezungukwa na maji moja kwa moja, na chini yake zinakaa juu ya vizibo vyembamba. Kichwa ndicho kinachozikandamiza zisiondoke mahali pake. Fundi akishafungua kichwa, kisha akazungusha injini ili kutazama pistoni, silivu huweza kuinuka kidogo, na uchafu ukaingia chini ya kizibo. Hakuna atakayeona kitu siku hiyo. Baada ya majuma machache maji yatavuja ndani ya oili, lawama zitapewa gasketi, na kichwa kitafunguliwa tena bure. Kinga yake ni rahisi: silivu zifungwe kwa vibano mara kichwa kinapoondolewa, na injini isizungushwe kabla ya hapo. Katibu si lazima ajue kufunga vibano. Lakini akimwuliza fundi atazizuia vipi silivu, na fundi akashangaa swali lenyewe, heri atafutwe fundi mwingine.

Kuchemka kwenyewe husababishwa aghalabu na mambo madogo. Rejeta huzibwa na matope kwa sababu hujazwa maji ya mtoni. Themostati huondolewa na mafundi wanaoamini kuwa ndiyo inayoleta joto, kumbe bila hiyo injini hufanya kazi ikiwa baridi mno asubuhi, ikala petroli na kulika mapema. Feni ya magari mengi ya aina hii hushikwa kwa sumaku ya umeme maji yanapopata moto na kuachiwa yanapopoa. Waya ukikatika, feni hukaa kimya, na dereva hujua habari hiyo akiwa katikati ya mlima. Rejeta isafishwe, themostati irudishwe, sumaku ipimwe, na ndani ya maji itiwe dawa ya kuzuia kutu, ambayo alumini inaihitaji hata mahali pasipo na baridi kamwe. Kama kichwa kimekwisha kufunguliwa kwa sababu nyingine, vikalio vya vali vitazamwe pia. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na injini za kale zilitegemea ile risasi kulinda vikalio hivyo. Fundi akivibadilisha, aweke vigumu.

Umeme hauna maneno mengi. Waya zilizounganishwa na kufungwa utepe na madereva watano tofauti ziondolewe, fyuzi zirudishwe za kipimo chake, na taa zote ziwake. Waya wa kichana uliotiwa mahali pa fyuzi umekwisha kuunguza magari mengi.

Springi za nyuma ni nne za kuzunguka, mbili kila upande, nazo ndizo zinazoifanya stesheni wagoni hii ivumilie mzigo kuliko gari dogo. Uvumilivu huo ndio unaowadanganya watu. Magunia yakipangwa juu ya paa, uzito hupanda juu, na gari linalokata kona vizuri likiwa tupu huelekea kupinduka. Kanuni ya chama iandikwe wazi: viti vyote vyenye abiria viwe na mikanda ya usalama, na mzigo wa magunia usubiri lori.

Kuhusu idhini, matengenezo makubwa yaingizwe katika makisio na kupitishwa na Mkutano Mkuu; kama fedha ni za mkopo, ukomo wa madeni uzingatiwe kabla fundi hajaitwa. Zipatikane bei za gereji tatu kwa orodha ile ile ya kazi, la sivyo hazilinganishiki. Katika vitabu, kazi inayorefusha maisha ya gari, kama kufanya upya injini, yaweza kuongezwa katika thamani ya mali na kupunguzwa kwa miaka iliyotarajiwa. Kubadilisha oili na plagi ni matumizi ya mwaka huo. Wakaguzi huwa wanauliza hasa hapa. Tena, vipuri vyote vilivyotolewa virudishwe chamani vikiwa na alama. Gereji inayodai kuwa imebadilisha mipira minne ya breki iweze kuonyesha mipira minne ya zamani.

Gari likiisha kutoka gereji, daftari la safari liwe ndani yake siku zote: tarehe, kilometa za kuondoka na kurudi, lita zilizotiwa, na saini. Mwisho wa mwezi katibu agawe lita kwa kilometa. Matumizi yakipanda kutoka lita 12 hadi 14 bila njia kubadilika, ama injini inaumwa au petroli inakwenda mahali pengine, na yote mawili yanastahili kuulizwa mapema. Oili ibadilishwe kila kilometa 5,000, na mapema zaidi katika barabara za vumbi. Chujio la hewa lisafishwe bila kungoja siku hiyo.

Malipo ya mwisho ya gereji yasitolewe uani. Gari lipakiwe uzito wa safari ya kawaida, liendeshwe kilometa zisizopungua 50, pamoja na mlima mrefu kuliko yote katika eneo la chama, kwenda na kurudi, huku mjumbe mmoja wa kamati akitazama kipimo cha joto na mwingine akiandika. Lirudi, lizimwe, liachwe usiku mzima juu ya karatasi safi. Asubuhi karatasi itazamwe kwa matone ya oili, maji na mafuta ya breki, kisha ndipo hati ya malipo itiwe saini.