Windows ya Ulaya: Ondoa Usichokitaka

Ukiwa unaishi Hamburg, Stockholm au Dublin, Windows 11 yako inakuruhusu mambo ambayo ile ya ndugu yako aliyeko Mombasa haimruhusu. Tangu Machi 2024, Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inaibana Microsoft: mwenye kompyuta akitaka kuiondoa Edge, kivinjari cha Microsoft, aachwe aiondoe. Tatizo ni kwamba kitufe kimewekwa kimyakimya, na wengi hawajakigundua.

Anza na nchi. Windows haijali ulipo leo. Inashika nchi uliyoichagua siku ya kuisanidi kompyuta. Kama uliinunua Nairobi, ukachagua Kenya, kisha ukahamia nayo Oslo, kubadili nchi kwenye mipangilio hakutakusaidia kitu. Itabidi uifute kompyuta na kuisanidi upya, kwa hiyo hamisha mafaili yako kwanza. Norway, Iceland na Liechtenstein zimo kwenye orodha ya nchi zinazohusika, ingawa si wanachama wa Umoja. Uingereza na Uswisi hazimo.

Pili, pakua kivinjari kingine, Firefox au chochote ukipendacho, kabla hujagusa Edge. Ukianza kwa kuiondoa, utajikuta huna kivinjari cha kuingilia mtandaoni. Kisha fungua Mipangilio, ingia kwenye programu zilizosakinishwa, bofya nukta tatu pembeni mwa Edge na uchague kuiondoa. Kwenye orodha hiyohiyo utakuta utafutaji wa mtandaoni wa Bing. Nao uondoe kama umechoka kuandika jina la faili lako na kuletewa matangazo. WebView2 iache palepale. Programu kadhaa zinaitegemea kuonyesha kurasa zake.

Baadaye fungua PDF moja uone inafunguliwa na nini, maana huenda Edge ndiyo iliyokuwa ikizifungua. Ni hatua inayosahaulika mno.

Mimi hukagua tena mipangilio hii kila baada ya sasisho kubwa, na si kwa wasiwasi wa bure. Mwaka 2009 Microsoft iliahidi kuwaonyesha watumiaji wa Ulaya ukurasa wa kuchagua kivinjari. Kwenye Windows 7, ukurasa huo ukatoweka kuanzia Mei 2011 hadi Julai 2012, na mwaka 2013 kampuni ikatozwa faini ya euro milioni 561.

Bado uko kwenye Windows 10? Msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025. Ndani ya nchi hizo za Ulaya, viraka vya usalama hutolewa bure hadi Oktoba 2026. Unachohitaji ni akaunti ya Microsoft na kujiandikisha kupitia ukurasa wa masasisho. Kwingineko, asiyetaka kuhifadhi mipangilio yake kwenye wingu la Microsoft anaweza kutakiwa kulipa dola 30.

Na ndugu wa Mombasa? Edge hataing'oa kwa njia hii, lakini kivinjari kingine anaweza kukisakinisha na kukifanya cha msingi leo hii, kwenye mipangilio ya programu chaguo-msingi.