Masika na Kiangazi

1. Mtoto wa Ilembo akiulizwa mwaka una majira mangapi, hujibu upesi: "Mawili, masika na kiangazi." Jibu hilo ni sawa kwa nchi yetu ya Katavi. Lakini mtoto wa Tanga atataja manne: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Kila mmoja asema kweli, maana kila mmoja asema ya kwao.

2. Majira hutoka wapi? Dunia hulizunguka jua mara moja kwa siku 365 na robo, nayo haikusimama wima, bali imeinama. Kwa hiyo miezi mingine upande wa kaskazini hulielekea jua zaidi, na miezi mingine upande wa kusini. Mahali jua lipigapo utosini, hewa hupata joto na kupanda juu. Mvuke uliomo hupoa, hugeuka mawingu, kisha mvua. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua kama ndama amfuatavyo mamaye, akichelewa kidogo nyuma. Jua likishuka kusini, mvua hutufikia mwezi wa Novemba. Likirudi kaskazini, hutuacha Aprili au mwanzo wa Mei. Huko Tanga mvua ya kwenda ni vuli na ya kurudi ni masika, na kati yake pana ukavu. Kwetu safari hizo mbili zakaribiana hata zimekuwa masika moja ndefu.

3. Katika nchi yetu mchana mrefu haumzidi mchana mfupi hata kwa saa moja. Huko London mchana wa Juni wapata saa 16 na nusu, na wa Desemba saa 8 tu. Basi Mwingereza huyajua majira yake kwa baridi na joto. Sisi twayajua kwa maji.

4. Wakati wa kiangazi nyasi hukauka, na miyombo hupukutisha majani. Lakini tazameni ajabu hii: mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla tone moja halijaanguka, miti hiyo huchipua majani machanga mekundu. Yawezaje? Mizizi yake imeshuka chini sana, na shina limeweka akiba ya chakula na maji. Mti nao una ghala yake.

5. Wanyama hawana ghala. Mto Katuma hupita Sitalike, huingia katika mabonde ya Katavi na Chada, na maji yake huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Masika mabonde hayo hugeuka maziwa, na viboko hutawanyika wapendavyo. Kiangazi hubaki vidimbwi vya matope. Hapo viboko kwa mamia husongamana, mgongo kwa mgongo, na madume hupigana. Mamba nao huingia katika mapango ya kingo za mto, wakalala humo kungoja mvua. Hayo huonekana katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974.

6. Tena shida yao imezidi, kwa sababu huko juu ya mto watu wamegeuza maji kwa mifereji na mabwawa ya kumwagilia mashamba. Mkulima ataka mpunga, kiboko ataka dimbwi, na mto ni mmoja. Anywaye juu yampasa kumkumbuka aliye chini.

7. Kazi za watu nazo zafuata majira. Kiangazi ni wakati wa kufyatua matofali, kuezeka nyumba, kurina asali na kufanya arusi. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi huruka, na kila mtu hushika jembe kupanda mahindi na karanga. Kisha uyoga hutokea msituni. Shamba la Januari lapendeza macho, lakini halishibishi. Mahindi bado mabichi, na ghala za wengi zimekwisha. Huo ndio wakati wa njaa katikati ya mvua.

8. Basi na tufanye hesabu. Nyumba ya watu sita hula debe moja la mahindi kila juma. Toka mavuno ya Juni hata mahindi mapya ya Machi ni majuma 40 hivi; yaani madebe 40, karibu gunia saba. Auzaye yote mwezi wa Julai, bei ikiwa chini, atayanunua tena Februari, bei ikiwa juu. Na akikosa fedha atakula mbegu, au ataacha shamba lake akalime la mwingine kwa posho. Hivyo njaa ya mwaka mmoja huzaa njaa ya mwaka wa pili. Wazee walisema: Akiba haiozi.

9. Kila majira yana hatari yake. Masika maji ya mvua huosha uchafu na kuuingiza visimani. Kwa hiyo chemsheni maji ya kunywa. Mbu huzidi, laleni ndani ya chandarua. Kiangazi cheche moja huweza kuteketeza msitu, mizinga ya nyuki na nyumba za watu. Msiwashe moto porini kwa mchezo. Hatuwezi kuizuia mvua wala kuiita, lakini twaweza kuwa tayari kabla haijafika.

MASWALI
1. Kwa nini Tanga hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na sisi mara moja?
2. Miyombo huchipuaje kabla ya mvua?
3. Nyumba yenu ina watu wangapi? Pigeni hesabu ya madebe yanayowatosha toka Juni hata Machi.
4. Andikeni siku ya mvua ya kwanza ya mwaka huu, mwifananishe na ya mwaka ujao.